Eduard Buchner: Bingwa Aliyekamua Hamira Akafungua Siri ya Uhai

Mwenye kukanda unga wa maandazi wakati wa jioni hutia hamira kidogo, akaufunika unga kwa kitambaa, akauacha mahali penye joto. Alfajiri huukuta umeumuka. Jambo hilo halimshangazi, kwani ndivyo alivyoonyeshwa na waliomtangulia, nao walionyeshwa na wazee wao. Hata hivyo, swali la nini hasa kinachouumua unga, na nini kinachoigeuza sukari ya ndizi au ya nafaka ikawa pombe, liliwagombanisha mabingwa wa sayansi wa Ulaya kwa muda wa miaka sitini. Leo tumekusudia kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeukata ugomvi huo, Profesa Eduard Buchner wa Ujerumani, na kueleza jinsi maji aliyoyakamua katika hamira yalivyokuwa mlango wa elimu ya jeni na protini tuliyo nayo sasa.

Buchner alizaliwa mjini Munich tarehe 20 Mei 1860. Baba yake, Ernst Buchner, alikuwa daktari na mwalimu wa chuo kikuu, bingwa wa uganga unaohusu mambo ya mahakama. Mtoto Eduard alikusudiwa kuingia katika biashara. Lakini mwaka 1872 mzee huyo alifariki dunia, na aliyeushika mkono wa yatima ni kaka yake Hans, aliyemzidi miaka kumi. Hans alikuwa akielekea kuwa mtaalamu wa vijidudu na magonjwa, naye hakukubali mdogo wake afungiwe nyuma ya meza ya hesabu za duka. Alihakikisha kwamba anapata elimu pana. Tutaona baadaye kwamba wema huo ulizaa matunda ambayo wote wawili hawakuyatazamia.

Njia ya elimu haikuwa nyepesi. Baada ya kutumikia jeshi katika kikosi cha mizinga, Eduard alianza kujifunza kemia katika chuo cha ufundi cha Munich, lakini mambo ya fedha yalimlazimisha kuacha masomo. Akaajiriwa katika kiwanda cha kuhifadhi vyakula na matunda katika makopo, kwanza Munich, kisha Mombach karibu na mji wa Mainz. Huko alikaa miaka kadhaa. Wako watu ambao wangeiona miaka hiyo kuwa imepotea bure. Yeye alijifunza jambo ambalo kila mpika jemu hulijua: ukitia sukari nyingi katika tunda, tunda halitaoza. Tunawaomba wasomaji walikumbuke jambo hilo dogo, maana tutalirudia.

Mwaka 1884 alirejea masomoni. Alifundishwa kemia na Adolf von Baeyer, aliyekuwa miongoni mwa wakemia wakubwa wa zama zake, na elimu ya mimea akaipata kwa Carl von Nägeli. Kwa hiyo alisimama mguu mmoja katika kemia na mguu wa pili katika elimu ya viumbe. Andiko lake la kwanza, la mwaka 1885, lilihusu athari ya hewa ya oksijeni katika kuchacha kwa sukari. Mwaka 1888 alipata shahada ya udaktari, na mwaka 1891 akapewa ruhusa ya kufundisha katika chuo kikuu. Baeyer alimtafutia fedha za kuanzisha maabara ndogo ya kuchunguza mambo ya uchachu.

Hapa inafaa tueleze ugomvi wenyewe. Kabla ya mwaka 1837 wengi walidhani kwamba hamira ni takataka tu inayojikusanya katika pipa la pombe. Katika mwaka huo na miaka iliyo karibu nao watu watatu, kila mmoja kwa njia yake, waliitazama kwa hadubini wakaona kuwa ni kiumbe hai: Cagniard de la Tour wa Ufaransa, na Theodor Schwann na Friedrich Kützing wa Ujerumani. Hamira ilichipua na kuzaa mbele ya macho yao. Mkemia mkubwa Justus von Liebig aliwacheka. Yeye alishika kwamba kuchacha ni kazi ya kemia tupu, wala uhai hauna sehemu katika jambo hilo. Kisha akaja Louis Pasteur wa Ufaransa, ambaye kuanzia mwaka 1857 alionyesha kwa majaribio ya makini kwamba palipo na sukari inayogeuka kuwa alkoholi, pana hamira iliyo hai. Kwa Pasteur, kuchacha hakutengani na maisha ya chembe hiyo.

Pasteur alishinda, na ushindi wake ulikuwa wa haki. Lakini nyuma yake ulifuata mzigo. Wengi walianza kuamini kwamba ndani ya kiumbe hai mna nguvu ya pekee, isiyopimika wala kushikika, ambayo kemia ya maabara haitaifikia kamwe. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mganga na mkemia wangesimama mlangoni pa uhai milele bila kuruhusiwa kuingia. Hilo ndilo lililokuwa hatarini. Haukuwa ugomvi juu ya bia tu. Ulikuwa ugomvi juu ya uwezo wa binadamu kuyaelewa maisha yenyewe.

Njia ya kulikata shauri hilo ilionekana rahisi kuisema na ngumu kuitenda. Ipasueni chembe ya hamira, toeni maji yaliyomo, mtizame kama maji hayo bila chembe yataweza kuchachusha sukari. Wengi walikwisha kujaribu wakashindwa. Ama walitumia joto au dawa kali, wakaharibu kile walichokitafuta, ama walibaki na chembe nzima ndani ya maji yao. Mtaalamu mmoja wa Urusi, Maria Manasseina, alitangaza mwaka 1871 kwamba alikwisha kuona kuchacha bila hamira hai, na baadaye alidai kwamba yeye ndiye wa kwanza. Buchner alimjibu kwamba ushahidi wake haukutosha kuthibitisha jambo hilo. Hata hivyo, haki inatudai tulitaje jina lake, kwa sababu alithubutu kuuliza swali hilo wakati wengi walikuwa wamekwisha kulifunga.

Mwaka 1893 Buchner alianza kuzipasua chembe za hamira katika maabara yake. Wasimamizi wa maabara hawakupendezwa. Waliona kwamba kusaga hamira ni jambo lililokwisha kujaribiwa kwa miaka mingi, na kwamba hapatatoka kitu kipya. Kazi ikasimamishwa, naye kijana akaondoka kwenda kufundisha Kiel, kisha mwaka 1896 akahamia Tübingen. Miaka mitatu ikapita bila kuigusa hamira.

Aliyelifungua tena jambo hilo ni kaka yake. Hans alikuwa sasa profesa wa elimu ya afya mjini Munich. Alitaka kupata protini zilizomo ndani ya vijidudu, kwa kutumaini kwamba zingefaa kuwa dawa. Msaidizi wake, Martin Hahn, aligundua namna bora ya kusaga. Walichukua kilo moja ya hamira ya pombe, wakaichanganya na mchanga mgumu wa uzito ule ule, na robo kilo ya unga mwepesi unaotokana na magamba ya vijimea vya kale vya majini. Wakaitwanga katika kinu mpaka ikawa kama kinyunga kibichi. Kisha wakatia maji kidogo, wakaifunga kwa kitambaa kigumu, wakaikamua kwa mtambo wenye nguvu ya kukandamiza mara 400 hadi 500 kuliko mkandamizo wa hewa ya kawaida. Katika kilo ile moja walipata maji yapatayo nusu lita, yenye rangi ya manjano hafifu. Hapakuwa na joto kali wala dawa ya kuunguza.

Shida ilikuwa moja: maji hayo yaliharibika upesi, nayo yalikusudiwa kwa majaribio ya wanyama. Yahifadhiweje? Katika likizo ya mwaka 1896 Eduard alikuwa amekuja Munich kumsaidia kaka yake. Wakajaribu kuyahifadhi kwa njia ile ile ya kiwanda cha makopo: wakatia sukari nyingi. Baada ya muda mfupi mapovu yakaanza kupanda. Mtu mwingine angeyamwaga maji yale kwa kuona kwamba yameharibika. Buchner alitambua alichokuwa akikitazama. Sukari ilikuwa ikigeuka kuwa alkoholi na hewa ya ukaa, wala chomboni hamkuwa na hamira hai hata moja ya kuifanya kazi hiyo.

Mapema mwaka 1897 andiko lake fupi kuhusu kuchacha bila chembe za hamira lilipelekwa kwa wachapaji. Alikipa kitu kilichomo ndani ya maji yale jina la zimasi, akisema kwamba bila shaka ni protini. Wapinzani hawakukosekana. Wako waliosema kwamba vipande vya uhai vimebaki ndani ya maji. Wako waliosema kwamba vijidudu vimeingia kwa siri. Buchner aliwajibu mmoja mmoja kwa majaribio. Aliyachuja maji yale, akayatia dawa za kuzuia vijidudu kuzaana, akayakausha mpaka yakawa unga na kuyalowesha tena. Kazi iliendelea. Mwaka 1903 yeye, Hans na Hahn walitoa kitabu kizima juu ya zimasi. Kwa huzuni, Hans hakukiona kitabu hicho, maana alifariki mwaka 1902.

Wakati huo Eduard alikuwa profesa katika Chuo cha Kilimo cha Berlin, alikohamia mwaka 1898. Mwaka 1900 alimwoa Lotte Stahl, na nyumba yao ikajaliwa watoto watatu. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Yule kijana ambaye wasimamizi walimkataza kusaga hamira alikuwa sasa miongoni mwa mabingwa wa dunia. Mwaka 1909 alihamia Breslau, na mwaka 1911 Würzburg.

Ni vyema tuongeze habari moja inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka ule ule wa 1893, Buchner alipokatazwa kazi yake mjini Munich, mtaalamu Paul Lindner wa Berlin alieleza hamira ya namna nyingine iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Hamira hiyo haichipui kama ile ya mkate. Hujigawa katikati kama muwa uliokatwa. Lindner aliipa jina la kitaalamu Schizosaccharomyces pombe, na neno la mwisho ni neno letu hasa. Hadi leo, katika maabara za Uingereza, Marekani au Japani, wataalamu hulitamka neno hilo kila siku. Kwa kuichunguza hamira hiyo, Paul Nurse wa Uingereza aliifumbua siri ya jinsi chembe inavyoamua kujigawa, siri inayohusu pia ugonjwa wa saratani, akashirikishwa katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001.

Turudi kwa Buchner. Mwaka 1914 vita vikuu vya kwanza vya dunia vilipoanza, alijitolea kwenda jeshini ingawa umri wake ulikwisha kupita miaka hamsini. Mwaka 1916 aliitwa arudi Würzburg kufundisha, lakini mwaka 1917 alikwenda tena vitani akiwa na cheo cha meja. Mwezi wa Agosti mwaka huo, huko Focșani katika nchi ya Romania, alijeruhiwa, na baada ya muda mfupi akafariki. Alikuwa na miaka 57. Alizikwa huko huko ugenini. Vita havikumwuliza ana elimu gani kichwani, kama visivyowauliza maelfu ya vijana waliolala karibu naye.

Sasa tuone kazi yake iliendaje baada yake. Buchner alidhani kwamba zimasi ni kitu kimoja. Waingereza Arthur Harden na William Young walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1906 kwamba maji yale yakichujwa kwa chujio maalumu hugawanyika mafungu mawili, na kila fungu likiwa peke yake halifanyi kazi. Kufikia mwaka 1940 au karibu yake njia nzima ilikuwa imejulikana: tangu sukari hadi alkoholi ziko hatua kumi na mbili, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alipata fuwele za kimeng'enya kimoja cha maharage akathibitisha kuwa ni protini. Kwa hiyo Buchner hakukosea katika lililo kubwa. Zimasi ni protini. Ila ni kundi la wafanyakazi, wala si mfanyakazi mmoja.

Lakini nani awaagizaye wafanyakazi hao? Jibu ni jeni. Kila protini hutengenezwa kwa maagizo yaliyoandikwa katika jeni, na jeni hupangwa katika kromosomu ndani ya kiini cha chembe. Mwaka 1996 wataalamu wapatao 600 kutoka nchi mbalimbali walimaliza kuyasoma maagizo yote ya hamira ya mkate. Walikuta kromosomu 16 na jeni zipatazo 6,000. Hamira ikawa kiumbe cha kwanza miongoni mwa viumbe wenye kiini, kundi letu sisi pamoja na mimea na wanyama, kusomwa maagizo yake yote.

Waliposoma waliona ajabu. Jeni nyingi hazikuwa peke yake, bali zilikuwa na ndugu zinazofanana nazo, kama watoto wa ukoo mmoja. Mwaka 1997, miaka mia moja kamili baada ya andiko la Buchner, Kenneth Wolfe na Denis Shields wa Dublin, Ireland, walieleza sababu moja kubwa. Zamani sana, yapata miaka milioni 100 iliyopita, babu wa hamira hii alipata nakala mbili za jeni zake zote. Nyingi za nakala hizo zilipotea, lakini baadhi zilibaki na kujifunza kazi mpya. Hamira yenye jina letu la pombe haikupitia mkasa huo, na jeni zake ni kama 5,000 tu.

Tutoe mifano katika zile hatua za zimasi. Hatua inayoitoa hewa ya ukaa, ile iliyofanya mapovu ya Munich, ina jeni tatu za ukoo mmoja: PDC1, PDC5 na PDC6. Ya kwanza ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi. Ikiondolewa, PDC5 huamka na kushika zamu ya ndugu yake. Mlangoni pa chembe, protini zinazoingiza sukari ni za ukoo mkubwa zaidi. Watafiti waliotaka kuufunga mlango huo kabisa walilazimika kuziondoa jeni zisizopungua 20. Katika hatua ya mwisho wako ndugu wawili wenye tabia mbalimbali. Protini ya jeni ADH1 hutengeneza alkoholi wakati sukari ni nyingi. Protini ya ADH2 huigeuza alkoholi hiyo nyuma ili iwe chakula sukari ikiisha. Kila protini ina viungo 348 vya amino asidi, nao hutofautiana kwa 24 tu. Kwa tofauti hiyo ndogo mmoja huweka akiba na mwingine huitumia. Hamira huijaza nyumba alkoholi inayowaua vijidudu wapinzani, kisha yenyewe hurudi kuinywa.

Faida ya elimu hii haikubaki vitabuni. Kwa kuwa tunajua jinsi jeni inavyoagiza protini, hamira imepewa jeni za viumbe vingine ikazitii. Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1986 ilitengenezwa ndani ya hamira, na sehemu ya insulini wanayoitumia wagonjwa wa kisukari hutengenezwa hivyo hivyo. Hans Buchner alitafuta dawa katika protini za chembe akafa bila kuipata. Baada ya miaka zaidi ya themanini, dawa ilitoka katika chombo kile kile alichokiona mdogo wake kikitoa mapovu.

Twaona katika maisha haya mafunzo matatu. La kwanza, kazi ya mikono haiharibu elimu. Ujuzi wa kiwanda cha makopo ulikuwa ufunguo wa uvumbuzi mkubwa. La pili, udugu ni nguvu: bila Hans asingekuwapo Eduard tunayemjua. La tatu, wakubwa wa kazi wasiwe wepesi wa kusema kwamba jambo limekwisha kujaribiwa, basi liachwe. Miaka mitatu ilipotea Munich kwa neno kama hilo. Ilikuwa bahati ya dunia kwamba Buchner hakulisahau swali lake, akalirudia alipopata nafasi, kabla vita havijamchukua.